Yakobo alimdanganya baba yake: Wayahudi wanafundishaje hapo?

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya Jumapili. Tulipofika Mwanzo 27, mtoto wa miaka kumi akaniuliza: "Yakobo alidanganya akabarikiwa. Mbona mimi nikidanganya nyumbani nachapwa?" Nilimjibu kwamba Mungu alikuwa ameshamchagua Yakobo tangu tumboni, lakini jibu hilo halikunitosha hata mimi mwenyewe. Nimesikia Wayahudi husoma habari za Ibrahimu, Isaka na Yakobo kila mwaka, kipande kwa kipande. Wao wanawaambia nini watoto wao? Wanamtetea baba yao, au wanakubali kwamba alikosa?

Jibu:

Mwalimu, kama umenizidi umri pokea shikamoo yangu. Kama sivyo, basi habari za kazi. Na huyo mtoto usimnyamazishe, maana swali lake limewakosesha usingizi marabi kwa karne nyingi.

Wayahudi wanafanya yote mawili, tena mara nyingi kwenye ukurasa uleule. Wapo wanaomtetea Yakobo hadi jasho linawatoka, na wapo wanaosema waziwazi kwamba alikosa. Ila kwangu mimi utamu hauko kwenye mabishano yao. Uko kwenye usomaji wenyewe, ambao unaichukua kesi ya Yakobo na kuipeleka mbele kwa wiki saba. Ukisoma Mwanzo 27 ukafunga kitabu, Yakobo ameponyoka. Ukirudi Sabato ijayo, na ile inayofuata, unaanza kuona deni linavyolipwa.

Nieleze kwanza utaratibu wao. Vitabu vitano vya Musa vimegawanywa vipande 54, kila kimoja kinaitwa parasha, na mzunguko mzima unakwisha kwa mwaka mmoja. Unaanza upya baada ya sikukuu za Septemba na Oktoba, kwa hiyo habari za mababa zinaangukia kati ya Oktoba na mwanzoni mwa Januari. Kila parasha inaitwa kwa neno lake la mwanzo au lililo karibu na mwanzo. Ile ya mtoto wako inaitwa Toldot, yaani "vizazi". Asubuhi ya Sabato gombo linatolewa kabatini, watu saba wanaitwa mmoja baada ya mwingine, na msomaji analiimba bila irabu wala alama za sauti, maana kwenye gombo hazimo. Lazima awe amejifunza nyumbani. Wiki ambayo Toldot inasomwa Jerusalem, inasomwa pia katika sinagogi la Nairobi, na kwa Abayudaya wa vilima vya karibu na Mbale, Uganda, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Popote alipo Myahudi anayeshika desturi hii, juma hilo anahangaika na sura yako.

Sasa twende kwenye mabishano. Nikifundisha Kiebrania huwa nawafungulia wanafunzi Biblia ya marabi, ile yenye maelezo pembezoni. Mwanafunzi akiiona mara ya kwanza anachanganyikiwa. Katikati kuna mistari michache ya Torati kwa herufi kubwa. Kandokando, tafsiri ya Kiaramu ya Onkelos. Chini yake mfafanuzi Rashi kwa maandishi yake ya pekee. Halafu Ibn Ezra, halafu Ramban, wafafanuzi wenzake, wote wamebanana kama abiria wa daladala, na hakuna anayemwachia mwenzake neno la mwisho.

Tazama mstari wa 19. Isaka, baba kipofu anayetaka kumbariki Esau, pacha mkubwa wa Yakobo, anauliza, u nani wewe? Yakobo anajibu: Mimi ni Esau, mzaliwa wako wa kwanza. Rashi, aliyeishi Troyes, Ufaransa, akafariki mwaka 1105, anauweka mkato katikati ya sentensi: "Mimi ndiye ninayekuletea chakula. Esau, yeye ndiye mzaliwa wako wa kwanza." Kwa hiyo, hakudanganya! Ibn Ezra, Myahudi wa Hispania wa karne ya 12, anayataja maelezo ya namna hii na kuyakataa. Maneno ya mstari hayawezi kukunjwa hivyo. Shuka mpaka mstari wa 35. Isaka anamwambia Esau kwamba ndugu yake amekuja bemirma, kwa hila. Onkelos anafasiri "kwa hekima", na Rashi anamfuata.

Mimi utetezi huu sinunui, na nadhani mtoto wako naye hataununua. Lakini usiucheke kabla hujajua waliouandika waliishi wapi. Katika masimulizi ya marabi Esau ni Edomu, Edomu ni Rumi, na baadaye Rumi ikawa falme za Kikristo za Ulaya. Myahudi wa Troyes alikuwa amezungukwa na watu waliomwita mdanganyifu, mwana wa mdanganyifu. Kumsema Yakobo hadharani, naona, kungekuwa kumpa jirani fimbo ya kukupigia. Nyumba iliyozingirwa haianiki nguo zake za ndani uani.

Hata hivyo, marabi walewale wanayo mengine ya kusema, na hapa ndipo heshima yangu kwao inapopanda. Kuhusu kumheshimu baba, Rabi Shimoni ben Gamlieli anasema katika midrashi, yaani mafafanuzi ya kale ya Maandiko, kwamba maisha yake yote alimhudumia baba yake, lakini hakufikia hata sehemu moja ya mia ya utumishi wa Esau. Yeye alimhudumia baba kwa nguo zilizochafuka, na akitoka kwenda sokoni ndipo alipovaa safi. Esau alimhudumia baba kwa nguo za kifalme. Ndizo hizo nguo nzuri zilizowekwa nyumbani kwa Rebeka, ambazo Yakobo alivikwa siku ile. Fikiria hilo: nguo ya heshima ya mtoto mtiifu ndiyo iliyotumika kumdanganyia baba.

Na kilio je? Esau alipojua, alilia kilio kikubwa cha uchungu mno. Midrashi inasema: Mungu ni mvumilivu, lakini chake hakiachi, anakidai. Yakobo alimliza Esau kilio kimoja, kililipwa wapi? Shushani, kwa Mordekai, aliyelia kilio kikubwa cha uchungu siku Wayahudi wote walipoandikiwa kufa katika kitabu cha Esta. Wazee hao walikuwa wanawaambia Wayahudi wenzao kwamba hatari iliyowakuta wajukuu ilikuwa na mzizi kwenye machozi ya Esau. Hilo watu hawalisemi juu ya baba yao kwa kujifurahisha.

Desturi hii ya kumkosoa baba haikuanzia kwa Yakobo. Katika parasha ya Lekh Lekha, Ibrahimu anaposhuka Misri na kusema mkewe ni dada yake, Ramban wa karne ya 13 anaandika bila kupepesa macho kwamba baba yetu Ibrahimu alitenda dhambi kubwa pasipo kukusudia, alipomwingiza mke mwema katika hatari. Sara alipomtesa Hajiri, Ramban anasema Sara alikosa, na Ibrahimu naye kwa kumwachia.

Turudi kwa Yakobo, na safari hii chukua Biblia yako ya Kiswahili na penseli. Fuatilia neno moja tu: kutambua. Katika Mwanzo 27:23 Isaka anaipapasa mikono yenye ngozi ya mwana-mbuzi, wala hakumtambua mwanawe. Ruka wiki tatu, ufike parasha ya Vayeshev. Wana wa Yakobo wamemuuza Yusufu. Wanachinja mbuzi, wanachovya kanzu katika damu, wanampelekea baba na kumwambia atambue kama ni kanzu ya mwanawe au siyo. Mbuzi na vazi walimdanganya Isaka; mbuzi na vazi wanamdanganya Yakobo. Na aibu iliyoje: Isaka alikuwa kipofu, Yakobo anaona vizuri kabisa, anaitambua kanzu, na bado anadanganyika.

Sura moja mbele, Yuda, ambaye wazo la kumuuza ndugu lilikuwa lake, anamwahidi Tamari mwana-mbuzi na kumwachia muhuri, kamba na fimbo kama rehani. Anapoamuru mkwewe achomwe moto, Tamari anamtumia vitu vile na ujumbe: tambua ni vya nani. Kwa Kiebrania ni maneno yaleyale mawili yaliyotumika kwa kanzu, haker na. Marabi hawakuliacha lipite: wewe Yuda ulimwambia baba yako "tambua", nawe sasa unaambiwa "tambua". Tofauti ni kwamba Yuda anakubali mbele za watu kwamba huyu mwanamke ana haki kuliko yeye. Ni mtu wa kwanza katika ukoo huu kusimama na kusema kosa ni langu. Kisha katika sura ya 42 Yusufu anawatambua nduguze, wao hawamtambui. Uzi umetoka kwenye vidole vya Isaka kipofu hadi kwenye ikulu ya Misri.

Msomaji wa sura moja moja hauoni uzi huu. Yule anayelisikia neno katika sinagogi mwezi Novemba akalisikia tena Desemba, tena kila mwaka tangu utotoni, siku moja linamgonga.

Kati ya Toldot na Vayeshev kuna Vayetze, wiki ya Labani, mjomba wa Yakobo na baba wa Raheli na Lea, na hapo msemo wetu wa mla cha mwenziwe na chake huliwa unatimia neno kwa neno. Yakobo anafanya kazi miaka saba kwa ajili ya Raheli, asubuhi anakuta ni Lea. Analalamika kwamba amedanganywa, na neno analolitumia, rimitani, ni la mzizi uleule wa ile mirma ya baba yake. Labani anamjibu kwa upole wa kisu: kwetu hatutoi mdogo kabla ya mkubwa. Tena neno lake la "mkubwa" ni "mzaliwa wa kwanza". Labani hakuwepo siku ile hemani kwa Isaka, lakini ametia kidole kwenye kidonda chenyewe.

Midrashi inaongeza mazungumzo ya asubuhi hiyo, na nakushauri uyasome darasani kwa sauti mbili, maana watoto watayapenda. Usiku kucha Yakobo alimwita Lea "Raheli" naye akaitika. Kulipopambazuka Yakobo akafoka: "Mdanganyifu, binti wa mdanganyifu!" Lea akamjibu: "Kuna mwalimu asiye na wanafunzi? Baba yako hakukuita Esau nawe ukaitika?"

Hapo mtoto wa miaka kumi ameshajibiwa, sivyo? Yakobo naye alichapwa, tena bakora yake ilikuwa ya miaka. Wazee wa Talmudi, mkusanyo mkuu wa mafundisho ya marabi wa kale, waliihesabu. Yakobo alikaa kwa Labani miaka 20, na kwa hesabu yao alichelewa njiani miaka 2 zaidi kabla ya kufika kwa baba yake: jumla 22. Sasa mhesabie Yusufu. Aliuzwa akiwa na miaka 17. Alisimama mbele ya Farao akiwa na miaka 30. Ongeza miaka 7 ya shibe na 2 ya njaa, unapata 39, na ndipo baba yake alipomwona tena. Toa 17: miaka 22. Miaka ambayo Yakobo hakuwepo kumtumikia Isaka ndiyo miaka aliyoomboleza mwanawe. Rashi anaileta hesabu hii kwenye sura ya 37, pale Yakobo anaporarua nguo. Ni Rashi yuleyule wa mkato.

Rebeka pia hakusalimika. Alimwambia mwanawe laana na iwe juu yangu, kisha akamtuma akakae kwa Labani "siku chache". Baada ya hapo Torati haituonyeshi tena mama na mwana wakionana.

Je, baraka ilistahili gharama hiyo? Jonathan Sacks, aliyekuwa rabi mkuu wa Uingereza kuanzia 1991 hadi 2013, alisisitiza jambo ambalo wengi tunalipita mbio. Zipo baraka mbili. Ile ya hila, katika sura ya 27, ni ya umande wa mbinguni, unono wa nchi na kutawala ndugu. Ni baraka inayomfaa Esau. Katika sura ya 28, Isaka akijua wazi anayesimama mbele yake ni Yakobo, anampa baraka ya Ibrahimu: uzao na nchi ya ahadi. Hiyo ndiyo ya agano, na ilitolewa bila ngozi ya mbuzi. Kwa usomaji huu Yakobo aliiba kisichokuwa chake ilhali chake kilikuwa kinamngoja. Mimi naona huu ndio usomaji wenye nguvu kuliko wote, kwa sababu unaieleza pia sura ya 33. Yakobo anarudi, anainama mbele ya Esau mara saba, anamwita bwana wangu, na kumsihi apokee zawadi. Kwa Kiebrania anasema kakh na et birkhati: chukua, tafadhali, baraka yangu. Alichukua kwa hila kutawala na kuinamiwa, sasa anainama yeye na neno lenyewe analirudisha.

Siku ukibahatika kuoneshwa gombo la Torati, omba uoneshwe 33:4. Juu ya neno moja la Kiebrania, "akambusu", kuna vitone vya wino, kitone kimoja kimoja juu ya kila herufi. Mwandishi wa gombo hana ruhusa ya kuviacha. Wengine wanasema vitone vinadokeza kwamba busu halikuwa la kweli, hata kwamba Esau alitaka kuuma. Rabi Shimoni bar Yokai anasema ni jambo linalojulikana kwamba Esau humchukia Yakobo, lakini saa ile huruma yake iliwaka, akambusu kwa moyo wake wote. Rashi ameandika maoni yanayopingana bila kuamua.

Kwa kazi yako wewe, yupo mtu mmoja ninayetaka umjue. Nechama Leibowitz alizaliwa Riga mwaka 1905, akahamia Palestina 1930, na kuanzia 1942 alikuwa akiandika karatasi ya maswali juu ya parasha ya juma na kuituma kwa posta. Watu wa kila aina, walimu, wanajeshi, wakulima wa kibutsi (mashamba ya ushirika), walimrudishia majibu naye akayasahihisha mwenyewe. Aliendelea hivyo kwa takriban miaka 30. Swali gumu aliliwekea alama ya x, gumu zaidi xx. Alipofariki mwaka 1997 jiwe la kaburi lake liliandikwa jina lake na neno moja: mwalimu. Karatasi zake hazikuwa za kumwambia mtu aamini nini. Zilimwuliza, kwa mfano, Rashi anasema hivi na Ramban anasema vile: ni neno gani katika mstari limemsumbua kila mmoja wao?

Wafanyie watoto karatasi kama hiyo. Usianze na "Yakobo alifanya vizuri au vibaya?" maana watakupa jibu wanalodhani unalitaka. Anza na: tafuta mbuzi wote kati ya sura ya 27 na 38. Tafuta nguo. Tafuta "tambua". Swali la xx liwe la wazazi. Rabi Samson Raphael Hirsch wa Ujerumani, aliyefariki 1888, alithubutu kusema kwamba kosa lilianza mapema, pale Isaka na Rebeka walipowalea mapacha wawili wasiofanana kwa namna moja, wakimkalisha mwindaji kwenye kiti kilekile cha mpenda hema. Anauleta mstari wa Mithali wa kumlea mtoto katika njia impasayo, ambao kwa Kiebrania husema "kwa njia yake". Swali hilo waachie waende nalo nyumbani, na uwe tayari kupokea simu za wazazi.

Sehemu ya mwisho isomeni pamoja. Ni Mwanzo 48, parasha ya Vayechi, wiki ya saba tangu Toldot. Yakobo ni mzee kitandani, macho yake mazito, haoni vizuri. Mbele yake wameletwa ndugu wawili wabarikiwe. Manase, mkubwa, amewekwa upande wa mkono wa kuume, Efraimu mdogo upande wa kushoto. Mzee anapishanisha mikono na kuweka wa kuume juu ya mdogo. Yusufu anaushika mkono wa baba yake ili auhamishe: sivyo, baba, huyu ndiye mzaliwa wa kwanza. Mzee anakataa. "Najua, mwanangu, najua." Baba asiyeona, mdogo mbele ya mkubwa, kama siku ile kwa Isaka. Ila leo vijana wote wawili wapo chumbani, hakuna aliyevaa nguo ya mwenzake, na Manase hapazi kilio.

Ijumaa jioni, Sabato inapoingia, baba wa Kiyahudi humwekea mwanawe mikono kichwani. Binti hubarikiwa awe kama Sara, Rebeka, Raheli na Lea. Kwa mvulana ungetegemea atajwe Ibrahimu, Isaka na Yakobo. Baba husema: Mungu akufanye kama Efraimu na kama Manase. Muulize mtoto wako wa miaka kumi anadhani ni kwa nini, halafu, tafadhali, niandikie alichojibu.